Vishindo vya Darini

Juzi mjukuu wangu alipiga fidla na wenziwe ukumbini shuleni kwao, Lewisham, hapa London. Muziki wao ukaanza kukanyaga kama miguu ya mchezaji, mbili mbili, kisha ghafla tatu.

Vishindo hivyo navijua. Baada ya mapinduzi tulihamia London, mama na mimi. Baba alibaki Unguja, kizuizini. Ghorofa ya juu yetu alikaa mzee wa Kicheki, mtu wa Chekoslovakia, na kila alasiri dari ilitoa vishindo hivyo hivyo. Mama alifungulia kwanza bomba la maji, sauti isifike juu, ndipo amtaje baba.

"Huyo anapeleka habari zetu Unguja," alisema. "Wakomunisti wenziwe si ndio waliojaa kwetu, wakiitwa wataalamu?"

Mimi nikaamini kila kishindo ni jina la mtu.

Siku moja mama akanipa sahani ya kaimati, bado za moto, zanukia iliki. "Mpelekee. Utazame ana mashine gani ya kupelekea habari."

Mzee alifungua mlango kidogo tu. "Nani kakutuma?"

"Mama."

"Anataka kujua nini?"

Nyuma yake santuri ilizunguka, fidla na tarumbeta tele. Alikuwa peku, jasho linamtoka.

"Ngoma ya kwetu," alisema. "Na kwetu sirudi tena."

Nikamwambia mama mzee anacheza ngoma peke yake.

"Mtu mzima? Mwongo huyo!"

Sahani ilirudi na matufaha. Mama aliyanusa, akayapasua, akachungulia ndani, ndipo tukala. Bomba aliendelea kulifungulia kila alipomtaja baba. Lakini vishindo vilipoanza tena juu, nilikiona kidole chake kikigonga ukingo wa sinki: mbili, mbili, tatu.