Shangazi Yangu na Ardhi Isiyotumika

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kwanza katika kitongoji chetu kule Mpitimbi kufunga sola juu ya bati, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama mkutanoni kuikataa.

Mimi nilikuwa nafundisha sekondari mjini na kuishi Ruhuwiko, ambako umeme ulikatika kila nilipotaka kunyoosha shati. Kwa hiyo niliposikia kuna kampuni inatafuta eneo kubwa la kufunga paneli za umeme wa jua, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipoambiwa kwamba eneo lenyewe linaanzia kwenye shamba la ukoo wetu. Shangazi alinipigia simu akasema nifike Jumamosi, na nivae koti.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi. Mtaalamu wa kampuni, mwanamume mpole aliyevaa kofia ngumu ya njano hata ndani ya darasa, alitusomea ripoti yake. Iliandikwa kwamba pale ni ardhi wazi isiyotumika. Walikuwa wamepita kupima mwezi wa tisa, tumeshavuna na kufyeka mabua, na kusema kweli palionekana kama uwanja wa mpira. Shangazi akanyoosha mkono. Akataka kujua kama nyumbani kwake mtaalamu sufuria ikishaoshwa hutupwa, kwa kuwa haina kitu ndani.

Mtaalamu alisubiri kicheko kiishe, kisha akamkumbusha kwa adabu kwamba hata yeye ana sola.

“Ninayo, mwanangu,” shangazi alijibu. “Iko juu ya nyumba. Mimi silimi juu ya nyumba.”

Mwenyekiti wa kijiji aligonga meza mara kadhaa, halafu akanigeukia mimi msomi mwenye koti. Nilianza vizuri, nikasifu maendeleo na nishati safi. Katikati ya sentensi nikakutana na macho ya shangazi, na hotuba ikageuka yenyewe ikaishia kwenye umuhimu wa mahindi. Mpaka leo wapo wanaoamini kwamba nilikuwa nasema kwa mafumbo.

Uamuzi uliahirishwa. Wapimaji wakapigilia vigingi vyekundu shambani, wakaondoka. Mvua zilipoanza, shangazi alilima kama kawaida. Vigingi hakuving'oa, maana si mali yake. Alipanda mahindi kuvizunguka, na mwaka ule aliyatilia mbolea kama mtu mwenye kesi.

Mtaalamu alirudi mwezi wa tatu kuvihakiki. Nilikuwepo, nimefuata mahindi mabichi. Alisalimia, akaingia shambani na karatasi zake, na hatua ya tano hatukumwona tena. Mahindi yalikuwa yamempita kichwa. Baada ya muda tukasikia sauti ikiuliza barabara iko upande gani. Niliinuka nikamfuate, shangazi akanishika mkono.

“Mwache kwanza aitazame ardhi isiyotumika,” akasema.

Alipoona imetosha, alianza kumwita ili aifuate sauti yake. Mtaalamu akatokea upande wa kisimani, akaona si penyewe, akaingia tena. Mara ya pili alitokea mbele yetu, chavua imemjaa mabegani, kofia imebaki huko huko. Shangazi alimuuliza amepata vigingi vingapi.

“Kimoja, mama,” alisema. “Na sina hakika ni chetu.”

Alipewa kigoda na mahindi ya kuchemsha. Alipofika hindi la tatu aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, ni wapi basi hapaoti kitu. Shangazi akamwonyesha mteremko wa mawe nyuma ya kilima, ambako hata mbuzi hupita bila kusimama. Mtaalamu akalalamika kwamba kule kazi itakuwa ngumu. Shangazi akasema hata palizi ni ngumu. Mtaalamu alicheka, lakini niliona anaandika.

Haikwisha siku ile. Ilichukua mikutano mingine miwili, na barua ambayo niliandika mara tatu kwa sababu shangazi alisema ina adabu kupita kiasi. Mwishowe kampuni ilikubali mteremko, ikajenga mtambo mdogo kuliko ilivyokusudia.

Paneli zilipokamilika nilimpeleka shangazi akazione. Alitembea mstari wa kwanza mpaka mwisho, mikono mgongoni, akainama kuchungulia chini yake, akarudi bila haraka. Akaniambia ni nzuri, ila wamezipanda karibu karibu mno.