Kichuguu cha Kona ya Pili

Mchora mistari wa uwanja wa chuo kile kidogo alikuwa na vidole vyeupe hadi kwenye kucha, na sauti ya kufukuzia kuku. "Nani huyo ananikanyagia chokaa?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Miaka nenda miaka rudi alivuta mistari, kopo mkononi, ulimi nje kidogo, na kila akifika kona ya pili alipinda kukizunguka kichuguu kilichowashinda watu kukiondoa tangu chuo kianze. Hiyo ndiyo historia yote ya riadha pale: wakimbiaji wao, hata wakialikwa kwenye uwanja tambarare kama meza, wakifika kona ya pili walikwepa kichuguu kisichokuwapo, wakapitwa. Watu walisema wamerogwa. Yeye, mzee wa chokaa, alisema mazoea yana taabu.

Mwaka huu mkuu mpya wa chuo akaleta tingatinga, kichuguu kikaisha. Mzee akachora kona bila kupinda. Jioni ya kuamkia mashindano, binti aliyekuwa tegemeo la chuo akaja kujinoa. Akafika palepale, akapinda. Akarudia, akapinda tena. "Babu, miguu inakataa!" Mzee akatupa kopo, akaingia mwenyewe juu ya mstari wake na kuanza kurukaruka kilipokuwa kichuguu, suruali nyeupe hadi magotini. "Hapa hapana kitu, mjukuu wangu! Njoo unikanyagie chokaa!" Binti akaja mbio, akanyoosha moja kwa moja, wala hakupinda, ikabidi mzee ndiye akwepe.