Mgonjwa Asiye na Jina

Bi Pasi alipewa jina hilo kwa mambo mawili: maisha yake yote ya kazi alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, na ukimgusa pabaya anakuunguza. Alipostaafu, binti wa marehemu dada yake, karani wa benki katika jiji kubwa, alimwita akapumzike kwake. Alikuwa amemlea binti huyo tangu ananyonya. Binti mwenyewe hakumkumbuka mama yake mzazi hata sura.

Jumamosi wakaenda jumba la sanaa. Bi Pasi alipita ukumbi baada ya ukumbi, mikono nyuma, akiwacheka wafalme walionona na vikapu vya matunda yasiyolika.

"Miguu imeniisha, mwanangu, na bado sijaona mtu anayefanya kazi."

Wakaingia ukumbi wa picha za kamera, palipokuwa na benchi. Mbele ya benchi, picha moja ilijaza ukuta: mwanamke kitandani, mifupa ya mabega imetokeza, shuka limemshuka hadi kiunoni. Chini iliandikwa, "Mgonjwa asiye na jina." Mwongozaji alikuwa akiwaeleza wageni jinsi mwanga ulivyotua begani.

Bi Pasi hakukaa.

"Mama mdogo, vipi?"

"Huyo ni mama yako."

Bi Pasi akapanda benchi, akavua mtandio wake na kuutupia juu ya fremu, ukafunika kifua. King'ora kikalia. Mlinzi akaja mbio, na nyuma yake msimamizi wa maonyesho, mwanamke mpole wa sauti.

"Shuka hapo, mama. Hii ni sanaa. Inawafanya watu wahisi."

"Wahisi nini? Baridi? Aliyeona baridi ni yeye. Dada yangu hakuwa akifungua hata mlango bila kujifunika, na siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuvuta shuka. Mtu mwenye kamera alishindwa kumfunika?"

"Mpiga picha alipewa ruhusa na hospitali."

"Hospitali ndiyo iliyomzaa?"

Mlinzi aliuondoa mtandio, akamrudishia bila kumtazama usoni. Wakasindikizwa hadi nje, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Bi Pasi aliendelea kufoka pale ngazini hadi alipogundua kuwa anafoka peke yake. Binti alikuwa ameketi, anautazama mlango.

"Nilitaka kumwangalia kidogo tu," alisema. "Uso wake. Sina picha yake hata moja."

Bi Pasi akamshika mkono, wakarudi kugonga. Mlinzi alifungua kidogo, akasema ameagizwa wasiingie tena.

Binti hakuishia hapo. Alilalamika kila mahali palipopokea malalamiko, hadi picha ikateremshwa na kutiwa stoo. Akaomba jambo moja tu: wamchapie uso peke yake, kuanzia shingoni kwenda juu. Wakamkatalia.

Jioni hiyo alimpigia simu Bi Pasi, aliyekuwa amesharudi nyumbani kwake.

"Wanasema hawawezi, mama mdogo. Wanasema ni mali ya mpiga picha."

"Rudia," alisema Bi Pasi. "Ni mali ya nani?"

Binti akarudia. Kwa mara ya kwanza tangu amlee, Bi Pasi alimsikia akitukana, tena matusi ya nguoni. Hakumkanya.