Kitalu cha Vitunguu vya Akina Mama

Msimu ule kikundi cha akina mama wa kijiji chetu, chini ya mlima, si mbali na Ruring'u, kilinikabidhi mbegu zake zote za vitunguu. Miche ya msimu uliotangulia ilikuwa imeota huku na huko, kisha ikaoza shingoni na kulala chini. Mama aliwaambia wenzake kwamba binti yake anajua dawa. Nilichojua nilikuwa nimekisoma peke yangu katika kijitabu cha kilimo kilichochanika. Nikishindwa, mama ndiye angeaibika.

Kwa woga nilianza na mbegu kidogo tu. Nilizilowesha ili ziote kwa pamoja, nikazichuja, halafu nikazianika juu ya dari ya jikoni, palipo moto, maana kwetu mbegu ya maana hukaa kwenye moshi. Haikuota hata moja. Mbegu ya mahindi huwekwa darini ikiwa kavu, imelala. Yangu ilikuwa imeshaamshwa na maji, nikaipika. Nilikosa usingizi, nikasusa chakula, nikataka mbegu zilizobaki zirudishwe.

Mama huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mamake. "Mama," akasema, "umechoma kidogo, umejua. Sasa usichome hizi."

Hizi nazo nililowesha, lakini nikazikausha kivulini juu ya leso, nikizigeuza hadi zikaacha kunata kidoleni. Kisha nikazitia mkebeni na dawa kidogo ya unga ya kuzuia kuvu, nikafunika, nikatikisa mpaka kila mbegu ikavaa vumbi. Mbegu zilipotoka, mkebe niliutoboa nikauzika, asije mtu akautilia chumvi, maana dawa ile ni sumu. Nilinawa mara nyingi hivi kwamba jirani aliniuliza kama nakwenda kuzalisha. Nilisia kwa mistari niliyoinyoosha kwa uzi, na nilipoona mmoja umepinda nikaufuta nikaanza upya.

Nakiri kwamba kila asubuhi nilikwenda kitaluni nikitetemeka, na si kwa baridi ya mlima peke yake. Ndipo siku moja nikakuta udongo umepasuka mstari mzima kwa pamoja, vitunguu vimechomoza vimepinda kama sindano zilizokunjwa. Nilisubiri vioze. Mvua ikanyesha, ukungu ukashuka, havikuoza.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye ulimi mkali, alikuja na wenzake kukagua. Alichuchumaa, akapitisha macho kila mstari akitafuta pengo la kunitania nalo. Hakulipata.

"Huyu hakusia," akawaambia wenzake. "Huyu ameshona."

Walicheka wote. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikitazama mche mmoja mfupi kuliko wenzake na kutamani kuung'oa, lakini nikauacha. Mama alimshika mwenyekiti mkono, akamwinua, akampeleka taratibu upande wa pili wa kitalu akaone na kule.