Mkaa na Boksi la Sabuni

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa edani hapa hapa Mlali, na mimi bado msichana tu. Mume wangu alikuwa mkata miwa kule Turiani. Homa ilimshika ghafla, haikumwachia, tukamzika. Nikarudi kwa mama yangu na nguo nyeupe na macho makavu.

Hayo macho makavu ndiyo yaliyowatisha watu. Sikulia jeneza lilipotoka, sikulia hata baada ya hitima. Chakula kilinikwama kooni, usingizi ukanihama, maneno yakaniishia. Mama akinisemesha, namtazama tu. Wakaanza kunong'ona kwamba nitarukwa na akili.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa jikoni, kando ya mafiga. Mkono ukaokota kipande cha mkaa, ukavuta boksi la sabuni lililochanika, ukaanza kuchora. Sikuchora kitu chenye jina. Duara ndani ya duara, mistari ya kupinda, vijani, kisha duara tena. Nikahisi kifua kinalegea kidogo, kama mzigo uliohamishwa bega.

Shangazi yangu, dada wa baba, akaingia. Alikuwa mtu wa heshima zake, na aibu ya watu aliiogopa sana. Akaninyang'anya boksi.

"Mjane mzima unachezea mkaa kama mtoto? Wanaokuja kukupa pole wakikuona watasemaje?"

Mjomba alikuwa mlangoni, kaka mkubwa wa mama. Kwetu Waluguru, unajua, mjomba akisema neno nyumbani, limesemwa. Alikuwa mpole, hakuwahi kupaza sauti, na siku ile pia hakupaza.

"Mrudishie," alimwambia shangazi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe unaona mkaa. Mimi namwona mtoto wangu anatafuta pa kupitia."

Shangazi akalirudisha, akatoka. Mjomba akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Unachora nini, mama?"

"Sijui, mjomba."

Lilikuwa neno langu la kwanza baada ya siku nyingi. Mama, aliyekuwa uani, alilisikia akaacha kutwanga.

"Usijue," mjomba akasema. "Nilipomzika mwanangu, nilikaa shambani nikichora udongo kwa ncha ya panga mpaka jua likazama. Sikumwambia mtu. Niliona haya. Wewe usione haya. Chora tu."

Nikachora siku hiyo na zilizofuata. Mama alinikusanyia maboksi dukani, haulizi kitu. Kisha siku moja, bila kukusudia, mistari ikajipinda ikawa kofia ya mume wangu, na ua la pembeni lile lile alilokuwa akilipenda marehemu. Hapo ndipo nikalia, mwanangu. Nililia mpaka mama akaja kunishika, na shangazi akaja akanishika upande wa pili, naye analia. Jioni nikaomba uji.

Sikupona siku ile. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini nilirudi miongoni mwa walio hai, na hata vitambaa nilivyodarizi baadaye, hivi mnavyovisifia kwenye makochi, maua yake yalizaliwa vivyo hivyo, mkono ukitembea bila kutumwa.

Nakuona siku hizi, mwanangu, kazi huipati, simu huiachi, na ukiulizwa unasema uko poa. Sikuulizi zaidi. Chukua kalamu na karatasi yoyote, hata ya kufungia maandazi. Chora usichokijua. Usitafute uzuri, usimwonyeshe mtu kama hutaki. Haitakupa ajira, wala haishiki nafasi ya sala au ya mtu wa kumwambia. Ila moyo ukizibwa huoza, na wako usiuache uzibwe. Na ukimkuta mwenzio ameinama anachora mistari isiyo na maana, usimcheke wala usimnyang'anye. Kaa naye.

Mungu akufungulie kifua chako, auongoze mkono wako, na kila litakalokulemea akupe pa kulitua. Amina, mwanangu.