Chini ya Meza za Kahawa

Wiki jana niliikimbia meza yangu ya kuandikia. Ni meza nzuri, fundi wa hapa Meru mjini aliitengeneza kwa mbao za grevilia, ina droo mbili na kiti cha kuzunguka, na kwa wiki tatu haikunipa hata ukurasa mmoja. Basi nikatia daftari mkobani nikatoka. Nilijaribu hoteli moja karibu na soko. Chai ilikuwa tamu lakini televisheni ilinishinda maneno. Nikajaribu benchi la wagonjwa hospitalini, na usinicheke, niliandika kurasa mbili safi kabla nesi hajaniuliza kadi yangu iko wapi. Nilitoka nikicheka peke yangu barabarani, maana nilikuwa nimekumbuka mahali pa kwanza kabisa pa kuandikia nilipopagundua mwenyewe.

Palikuwa kiwandani, kule kwetu Githongo. Kama hujawahi kuona kiwanda cha kahawa cha wakulima, kuna meza ndefu za waya zilizopangwa mteremkoni, na juu yake kahawa iliyooshwa huanikwa ikauke. Nyanya yangu alikuwa mmoja wa akina mama wa kuchambua, waliosimama pande zote mbili za meza wakitoa punje mbovu kwa vidole. Jumamosi alinichukua nimsaidie. Nikishachoka, nilitambaa chini ya meza na daftari langu. Rafiki yangu, raha iliyoje! Jua lilipenya kwenye waya likatia vidoti karatasi yangu, kahawa mbichi ilinuka uchachu kama uji wa jana, gamboti za akina mama, zile buti ndefu za mpira, zilinizunguka, na huko juu hadithi hazikwisha.

Muhula mmoja mwalimu alitupa insha kuhusu mtu shujaa. Iliyozipita zote ingesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, na niliitaka nafasi ile mpaka chakula hakishuki. Wenzangu waliandika kuhusu askari na marubani. Mimi niliandika kuhusu jirani yetu, aliyechambua meza moja na nyanya, na kisa alichowasimulia wenzake nikiwa pale chini: jinsi alivyomwendea mwalimu mkuu akiwa na gamboti zenye matope, kudai bintiye arudishwe darasani, akatetemeka, Kiswahili chote kikamtoroka, akaendelea kwa Kimeru mpaka mwalimu mkuu akakubali.

Nilikuwa namalizia mstari wa mwisho mvua ilipoanza. Kahawa haitaki mvua hata kidogo. Tone la kwanza tu, kila mtu hukimbilia nailoni afunike meza. Nikatoka mbio, nikaweka daftari juu ya kahawa ili nishike ncha ya nailoni, na kwa pupa tukalifunika humo humo. Mvua ilipokatika na nailoni kufunuliwa, daftari lilikuwa mkononi mwa dada mmoja aliyekuwa amemaliza shule juzijuzi tu. Akaanza kusoma kwa sauti, akiwatafsiria wenzake kwa Kimeru.

Nilitamani ardhi inimeze. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu, wote isipokuwa jirani. Nyanya hakucheka pia.

"Kumbe huko chini unasikiliza maneno ya watu wazima?" aliniambia. "Leo ni mwisho. Na hiyo karatasi uing'oe."

Hapo niliona nimepoteza vyote viwili, insha na mahali pangu.

"Mama, ngoja kwanza," jirani akamwambia nyanya. Kisha akanigeukia. "Hapa umeandika nilitetemeka. Ni ukweli. Lakini hiyo ilikuwa mara ya pili, na hukuandika."

Mara ya kwanza, alisema, alifika kwenye geti la shule, akawaona walimu wamekaa, akageuka akarudi nyumbani. Alikuwa hajamwambia mtu.

"Andika hiyo pia," akasema.

Nikaiandika pale pale nimesimama, daftari juu ya kahawa, yeye akiifuata kalamu yangu kwa macho ingawa hakujua kusoma. Nyanya alingoja nimalize, kisha akanisukumia punje za kuchambua. Habari ya kung'oa karatasi hakuitaja tena.

Insha yangu ndiyo iliyochaguliwa. Nilipoisoma nikafika pale pa geti, jirani alisimama katikati ya wazazi bila kuambiwa, ili watu wote wamwone.

Juzi nilipanda mpaka kiwandani, moyo ukinienda mbio kama mtoto. Wakulima wengi wameng'oa kahawa wakapanda avokado. Meza zimebaki chache, nyingine ni miguu mitupu. Nyanya na jirani tulishawazika. Nililia kidogo, sikufichi, kisha nikaketi kwenye nyasi nikaandika kurasa nne bila kuinua kichwa, kwa furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa miaka. Nilipomaliza nilizisoma kwa sauti, nikangoja. Hakuna aliyeinama kuniambia nimeacha nini.