Omena za Maonyesho

Msimamizi wa kile kijumba cha sanaa pale Kisumu alikuwa na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto wa watu alale. Mikono aliifunga nyuma, akatembea kwa ncha za viatu, na humo ndani hata nzi walivua viatu mlangoni. Sasa alilinda kazi ya Awuor, msanii wa Maseno: omena, vile visamaki vikavu vya ziwani, zilizopangwa sakafuni juu ya wavu, moja moja, vichwa vyote vikielekea ziwani. Wageni wa Nairobi walikuwa njiani kuziona. "Mama, usizipumulie," alimnong'oneza mama aliyepitia kutoka soko la Kibuye na gunia lake tupu. "Si ni omena tu, Baba?" "Hapa ni sanaa." "Na sanaa inaliwa saa ngapi?" Msimamizi akafumba macho kama anayeumwa jino.

Ndipo mvua ikapiga bati. Suruali ya msimamizi ilipanda magotini, na mikono ile ya kufungwa nyuma ikakomba omena kama ya mtoto wa wavuvi wa Asembo Bay aliyewahi kuchapwa kwa kuacha kitoweo kilichoanikwa kilowe. "Mama, leta gunia! Shika upande huo!" Mama naye akashika, bila kuuliza paa lina kazi gani. Awuor alipoingia na wageni wake, wavu ulikuwa mtupu na gunia limejaa. Msimamizi alimkabidhi gunia huku akihema kwa fahari. "Usijali, binti yangu," alisema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa. "Hakuna hata moja iliyoloa."